Vespa ya Marehemu: Nilivyonunua Pikipiki ya Kiitaliano Sarang'ombe

UKITEREMKA matatu nambari 8 katika kituo cha Olympic, Kibera, saa moja asubuhi, kitu cha kwanza kukupokea ni mngurumo wa bodaboda. Zimepangwa kando ya barabara kama mbuzi wa mnada, na wenyewe wanakuita kwa ishara hata kabla hujakanyaga ardhi. "Mkubwa, twende?" Karibu zote zimetoka India au China. Ni katika wadi hii ya Sarang'ombe ambapo mimi, mtu ambaye sikuwa nimewahi kuendesha chochote cha magurudumu mawili isipokuwa baiskeli, nilikuja kununua pikipiki ya Kiitaliano.

Huenda ukacheka, msomaji. Hata mama watoto alicheka, kisha akanyamaza. Kaka yake aligongwa mwaka 2019 akiwa amebebwa na bodaboda, na hadi leo anatembea kwa mkongojo. Nilipomwambia kwamba nimechoka kufika kazini nikiwa nimechelewa kwa sababu ya msongamano wa Ngong Road, na kwamba nimeweka akiba ya Sh90,000, alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akatoa masharti matatu. Leseni kwanza. Helmeti mbili kwanza. Na karatasi za pikipiki ziwe safi, asije polisi mlangoni petu usiku.

Masharti mawili ya kwanza yalihitaji pesa na subira tu. La tatu ndilo lililonipeleka nilikopelekwa.

NYIGU NA NYUKI

Kwa nini ya Kiitaliano? Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na Vespa ya rangi ya samawati. Alikuwa akifika shuleni akiwa na tai shingoni na suruali iliyopigwa pasi, bila hata tone la oili. Picha hiyo haikunitoka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo halikuwa jambo la bahati. Vespa ilizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Pontedera, Italia. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege, lakini Vita Vikuu vya Pili vilikiacha kiwanda chake kikiwa magofu, na Waitaliano walihitaji chombo rahisi cha kuwafikisha kazini. Kazi ya kukibuni ilipewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliziona ni chafu, ngumu kupanda, na tabu tupu gurudumu likipata pancha. Basi akaficha injini chini ya kifuniko, akaondoa mnyororo, akaacha nafasi ya kuweka miguu mbele ili hata mwenye sketi apande, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu wa chuma, kama gurudumu la ndege. Neno vespa kwa Kiitaliano ni nyigu. Miaka miwili baadaye, yaani 1948, Piaggio ikatoa ndugu yake wa magurudumu matatu, Ape, yaani nyuki. Ukienda Mombasa ukapanda tuktuk yenye jina la Piaggio kifuani, umebebwa na mjukuu wa nyuki huyo.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi wa stendi ya Olympic hawalijui. Kampuni ya Bajaj ya India, ambayo Boxer zake zimejaa katika kila kona ya nchi hii, ilikuwa ikitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio katika miaka ya 1960. Leseni hiyo ilipokwisha mwaka 1971, ikatoa ya kwake iliyofanana nayo, ikaiita Chetak. Kwa hiyo mnunuzi asishangae akiambiwa ni Mwitaliano, kumbe amezaliwa India. Hilo si lazima liwe baya. Vipuri vingi vya Kihindi huingia katika Vespa za zamani bila ugomvi. Lakini bei ya Mwitaliano na bei ya binamu yake hazifanani, na ni vizuri ujue unayelipia ni yupi.

KAWANGWARE: RANGI MPYA, MASWALI MENGI

Nilianzia Kawangware. Nilikuwa nimesikia kuna Vespa inauzwa karibu na stendi ya matatu za 46. Niliomba fundi mmoja mzee wa Naivasha Road anifuate, mtu ambaye amezikarabati pikipiki tangu ujana wake. Alikuja na tochi ndogo, kitambaa na waya.

Ilikuwa nzuri, msomaji. Nyekundu kama nyanya, vioo vinang'aa, kiti kipya cha ngozi bandia. Mwuzaji alitaka Sh120,000. Kabla sijatia neno alikuwa ameshashuka hadi Sh70,000, akisema ana shida ya ghafla na kuna mtu mwingine anakuja saa nane.

Fundi hakumjibu. Kwanza aliweka kiganja juu ya injini. "Ina moto," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ameiwasha kabla hatujafika. Injini inayoogopa kuwashwa ikiwa baridi ina siri."

Akainua mpira wa kukanyagia. Hapo ndipo Vespa huozea, kwa kuwa mwili wake wote ni bati lililokandamizwa na maji hujikusanya chini ya miguu. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na viraka vya gundi ngumu. Kidole chake kilizama.

Kisha akafungua kifuniko cha injini, upande wa kulia, akamulika tochi palipogongwa nambari ya fremu. Vespa za aina ya PX 150, zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1970, zina nambari ya fremu inayoanza na VLX1T na ya injini inayoanza na VLX1M. Herufi T ni ya neno la Kiitaliano linalomaanisha fremu, na M ni ya injini. Hapa palikuwa na mikwaruzo ya tupa na tarakimu zilizogongwa zikiwa zimepinda pinda kama meno ya mtoto.

Nilitoa simu, nikalipa ada ndogo ya kutafuta kumbukumbu za usajili kwa njia ya eCitizen. Nambari ya pleti ile ilikuwa ya pikipiki nyingine kabisa, ya Kihindi.

Nilimshukuru mwuzaji, nikamwambia nitafikiria. Fundi alikuwa ameshatangulia barabarani. Tulipofika mbali ndipo aliposema: "Kijana, usikasirike. Leo umelipa pesa kidogo sana kwa somo kubwa sana." Kisha akasita. "Kuna moja naijua. Iko Sarang'ombe. Mwenyewe alikuwa mteja wangu, Mnubi mmoja, mstaarabu. Alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo sijaisikia ikipita."

KUINGIA SARANG'OMBE

Tulirudi Ngong Road, tukashuka na kupita kando ya soko la Toi, pale nguo za mitumba zinapofunguliwa kutoka katika marobota, kisha tukaingia Kibera kwa miguu. Mwenye kuijua Kibera kwa picha za runinga tu hudhani ni mabati matupu. Akiingia Sarang'ombe atakuta nyumba za mawe za Olympic zimetazamana na vibanda vya Gatwekera, shule, misikiti, makanisa, mafundi wa vitanda, na wauza samaki. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 bado inakata mtaa, na watu huitumia kama njia ya miguu na mahali pa kuanika bidhaa.

Wazee wa Kinubi bado huliita eneo hili Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na walipewa mahali hapa pa kuishi mwanzoni mwa karne ya 20. Walipewa kukaa, lakini hawakupewa hati. Wajukuu na vitukuu wao waliidai hati hiyo miaka mingi, hadi mwaka 2017 ambapo serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliikabidhi jamii ya Wanubi hatimiliki ya ekari 288. Mwaka uliofuata, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road ilipopasuliwa katikati ya Kibera, maelfu ya watu waliona nyumba zao zikiangushwa. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa maana ya karatasi.

Nililikumbuka jambo hilo baadaye. Siku ile nilikuwa nikiwaza Vespa tu.

Kijana wa marehemu tulimkuta nje ya duka. Ni mtu wa makamo yangu, mpole, macho yamechoka. Alitupeleka nyuma ya nyumba, akavuta turubai, na hapo ikawa. PX ya kijivu iliyofubaa, vumbi tele, matairi yamelala. Fundi aliinama akasoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2311. "Juma la 23 la mwaka 2011," alisema. "Matairi haya ni ya kutupa." Lakini alipomulika nambari ya fremu, ilikuwa safi, na ilipatana na logibuku. Bati la chini lilikuwa na tundu moja tu, dogo kama shilingi. Kiganja juu ya injini: baridi kama jiwe la msalani.

Petroli iliyokaa miaka minne ilikuwa imegeuka gundi. Fundi alisafisha kabureta pale pale, akabadilisha plagi, akatia petroli mpya iliyochanganywa na oili, mililita 20 kwa kila lita, maana injini ya aina hii hula oili yake ndani ya petroli. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Ya tano ikakohoa, ikatoa moshi wa samawati, kisha ikaanza kuimba. Fundi alinusa moshi kwa makini. Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu ya oili ya giya, ungekuwa dalili kwamba sili ya ndani imekufa. Haukuwa hivyo.

Nilikwisha kuipenda. Hapo ndipo mtu hupotea.

KUNUNUA KUTOKA KWA MAITI

"Nipe elfu sitini leo, uende nayo," kijana alisema. Logibuku ilikuwa kwa jina la baba yake. Nikamwuliza tutabadilishaje umiliki. Akatazama chini. "Simu ya mzee ninayo. Neno lake la siri pia ninalijua. Tunaingia katika akaunti yake, tunakubali uhamisho, kwisha. Nani atajua?"

Sitajifanya malaika mbele yako, msomaji. Nilipiga hesabu haraka. Kwa Sh60,000 ningebaki na Sh30,000 za matairi, bima na leseni. Hakuna aliyekuwa akiiba, nilijiambia. Mzee amekufa, mwana ndiye mrithi, na pikipiki inaozea chini ya turubai. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, penye simu.

Fundi ndiye aliyevunja kimya. "Mimi chai ya mzee huyu nimekunywa," alisema. "Siwezi kushuhudia maiti akiuza mali. Mama yako anajua?"

Kijana hakujibu. Alikuwa na binti anayesubiri karo ya chuo, alituambia baadaye. Hakuwa mwizi. Alikuwa baba aliyebanwa.

Tulipiga hodi mbele ya nyumba. Mama mjane alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi. Alimjua fundi. "Karibuni, wanangu. Nimeisikia sauti yake," alisema. "Nikadhani naota." Kisha akamtazama mwanawe, na sote tukaelewa kwamba kumbe alikuwa hajaambiwa. Wala dada wawili wa kijana hawakuwa wamejua.

Nilitarajia ugomvi. Mama alikaa kimya muda mrefu. Alisema kuwa siku ya arusi ya shemeji yake marehemu alimbeba kwenye Vespa hiyo hadi Makina, na wanawake wenzake wakacheka kwa kuwa alishika kiti badala ya kumshika mumewe. Kisha akasema: "Iuzwe, sikatai. Chombo ni cha kutembea. Lakini iuzwe mchana."

MIEZI MINNE YA KARATASI

Kuiuza mchana kulichukua karibu miezi minne. Kwa kuwa familia ni Waislamu, mambo ya mirathi yalipelekwa katika mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaipa mamlaka ya kuamua urithi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Familia ambayo si ya Kiislamu ingepitia mahakama nyingine au Mdhamini wa Umma. Cheti cha kifo kilitafutwa. Barua ya chifu ya kuwataja warithi iliandikwa. Mabinti wote wawili walifika mbele ya Kadhi.

Na mimi sikukaa bure. Leseni yangu ya gari dogo haikuniruhusu kuendesha pikipiki, kwa hiyo nilijiandikisha chuo cha udereva nikafanya mtihani upya. Vijana wa Olympic walinisaidia mazoezi alfajiri za Jumapili katika uwanja wa Kamukunji, Kibera, kwa pikipiki zao. Lakini fundi alinionya kwamba Vespa ni mnyama mwingine. Klachi na giya zote ziko mkono wa kushoto, unazungusha mshiko kama unayefungua chupa. Breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia. Injini imeegemea upande wa kulia, hivyo huielemea njia yako kidogo. Na magurudumu yake madogo hayasamehe shimo. Shimo ambalo Boxer hulicheka, Vespa hulilia.

Siku amri ya mahakama ilipotoka, tulikutana sebuleni kwa mama. Bei tulikuwa tumekubaliana upya: Sh80,000, yaani Sh20,000 zaidi ya zile za siri. Sheria ya mirathi ilikuwa imepiga hesabu yake. Thumuni, yaani sehemu moja kwa nane, ni ya mjane: Sh10,000. Zilizobaki, Sh70,000, mwana alipata Sh35,000 na kila binti Sh17,500. Niliwatumia kila mmoja kwa M-Pesa, mmoja baada ya mwingine, na simu zikalia zamu kwa zamu juu ya mkeka.

Mama alisoma ujumbe wake mara mbili, akiisogeza simu mbali na macho. "Elfu kumi," alisema. "Miaka yote hiyo nilidhani ile ni pikipiki ya Baba Fulani. Kumbe na mimi nina gurudumu langu." Mabinti walicheka. Kijana naye alicheka, akifuta macho. Karo haikutimia yote, lakini dada zake walimwongezea pale pale. Jambo hilo lisingetokea kama ningelipa nyuma ya nyumba.

Uhamisho wa umiliki ulifanywa kwa NTSA kwa amri ya mahakama. Logibuku sasa ina jina langu.

NIKUPE NINI, MSOMAJI?

Pesa zangu hazikutosha, sifichi. Matairi mawili, kebo zote, bima ya lazima, helmeti mbili na koti la kung'aa vilinimaliza, nikakopa Sh15,000 kwa chama. Vipuri vingine nilivipata Kirinyaga Road, vingine fundi aliviagiza kwa jamaa wa jamaa. Anayetaka chombo cha kumpa faida kesho asubuhi asinunue Vespa ya zamani. Anunue Boxer, kila kijiji kina kipuri chake.

Lakini kama moyo wako umeshatekwa, fuata mpangilio huu. Tafuta fundi kabla hujatafuta pikipiki, na umlipe kwa kusema hapana kama unavyomlipa kwa kusema ndiyo. Fika injini ikiwa baridi. Inua mpira wa miguu uone bati. Linganisha nambari ya fremu, ya injini na ya kumbukumbu za usajili, tarakimu kwa tarakimu. Na ukiambiwa mwenyewe amefariki, uliza mjane yuko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hupotea kwanza kwa wanawake wa nyumba.

Mama watoto alikagua karatasi zote mezani, moja moja, kabla ya kukubali kupanda. Jumapili moja asubuhi, barabara zikiwa tupu, nilimchukua kutoka Ngong Road hadi Olympic, taratibu, kilomita 30 kwa saa. Kabla sijapiga honi nje ya nyumba ya mama yule, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Alimtazama mke wangu aliyekaa nyuma, mikono yote miwili imeng'ang'ania kiti.

"Mshike mumeo, mwanangu," alisema. "Kiti hicho hakishikiki. Mimi nakijua."